Kukoroga mwani bila kumaliza umeme: kinachoendelea ndani ya mfereji wa kina kifupi

Wengi wanaojenga mifereji ya kukuzia mwani huanza na swali la mota: iwe na nguvu kiasi gani? Swali hilo linakuja mapema mno. La kwanza kujibiwa ni hili: maji yanakorogwa ili iweje? Ukilijibu vizuri, mota yenyewe inakuwa ndogo kuliko ulivyodhani, na mara nyingi ndogo kwa mbali.

Mwani ninaouzungumzia hapa si ule wa baharini unaofungwa kwenye kamba. Ni ule mdogo wa kuonekana kwa hadubini, seli moja moja kama Chlorella na Dunaliella, au vinyuzi vifupi vilivyojikunja kama Spirulina. Kwa miongo mingi umekuzwa kwenye mfereji wenye umbo la uwanja wa mbio: njia mbili zilizonyooka, kona mbili za kugeuka nyuma, ukuta katikati, na maji ya kina cha sentimita 15 hadi 30. Upande mmoja linakaa gurudumu la makasia linalozunguka polepole na kuyasukuma maji yazunguke daima. William Oswald na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndio walioukuza mtindo huu kuanzia miaka ya 1950, wakitaka mwani usaidie kusafisha maji taka. Umebaki ndio mtindo mkuu wa kibiashara kwa sababu ni rahisi kujenga, rahisi kutengeneza ukiharibika, na haupondi seli.

Sasa, kwa nini maji yasiachwe tu yatulie? Mwani ukiwa mzito, mwanga wa jua unaishia katika sentimita chache za juu. Chini ya hapo ni giza. Seli zilizo juu kabisa zinapata mwanga kupita uwezo wao na kuanza kuumia, huku zilizo chini zikipumua na kutumia akiba yao bila kutengeneza chochote. Seli nyingi pia huzama. Seli moja ndogo huzama polepole, pengine chini ya mita moja kwa siku nzima, lakini zikishikana na kuwa mabonge huzama haraka, na bonge likikaa chini linaoza, linamaliza oksijeni na kuwakaribisha wadudu wadogo wanaokula mwani. Spirulina yenyewe ina tabia ya kinyume: ina vifuko vya hewa ndani ya seli, hivyo huelea na kutanda juu kama utando, ikazuia mwanga kwa wenzake. Halafu kuna gesi. Usanisinuru unatoa oksijeni kwa kasi kubwa kuliko uso wa maji tulivu unavyoweza kuiachia, na mchana wa jua kali oksijeni iliyoyeyuka inaweza kufika mara mbili au tatu ya kiwango cha kawaida, hali inayoukandamiza usanisinuru wenyewe. Kwa upande mwingine, kila kilo ya mwani mkavu inadai karibu kilo 1.8 za hewa ukaa, nayo inabidi isambae bwawa zima.

Ukizitazama kazi hizo moja moja, utaona kwamba karibu zote zinadai maji yapande na kushuka. Seli inatakiwa itoke gizani iende kwenye mwanga, kisha irudi. Oksijeni inatakiwa ipande juu itoke. Bonge linatakiwa linyanyuliwe. Lakini tunachokilipia kwenye bili ya umeme ni mwendo wa maji kwenda mbele. Kwenda mbele ni njia tu ya kupata kupanda na kushuka: maji yanapokwaruzana na sakafu yanavurugika, na mvurugiko huo ndio unaobeba seli juu na chini. Anayechanganya mambo haya mawili huishia kuongeza kasi kila anapoona tatizo, na kasi ndiyo kitu ghali kuliko vyote ndani ya mfereji.

Tuweke namba. Chukua mfereji wa meta za mraba 1,000: kila njia ina upana wa mita 5, mzunguko mzima ni mita 200, kina ni sentimita 30, na sakafu imetandikwa plastiki laini. Maji yakienda sentimita 30 kwa sekunde, lita 450 hupita mbele ya gurudumu kila sekunde. Ni maji mengi sana. Lakini gurudumu linayainua kwa kimo gani? Kwa kanuni ya Manning, ambayo wahandisi wa mifereji wameitumia tangu karne ya 19, msuguano wa sakafu na kuta unakula kama sentimita 1.5 za kimo cha maji katika mzunguko mmoja. Kona mbili zinakula nyingine karibu 1.8. Jumla ni sentimita 3.3, upana wa vidole viwili. Ukisimama kando ya gurudumu utaiona tofauti hiyo kwa macho: maji yaliyo mbele yake yamesimama juu kidogo kuliko yaliyo nyuma. Kazi yote ya mota ni kuitunza ngazi hiyo fupi.

Kuinua lita 450 kila sekunde kwa sentimita 3.3 kunahitaji takriban wati 147 tu. Tatizo ni kwamba umeme haufiki wote kwenye maji. Sehemu inapotea kwenye mota, sehemu kwenye giaboksi, na sehemu kubwa kwenye makasia yenyewe, yanayorusha maji juu au kuyaacha yateleze kurudi nyuma kupitia mwanya wa chini. Tukichukulia kwamba moja ya tano tu ndiyo inayofika, mita ya umeme itasoma wati 735, sawa na kilowati-saa 17.6 kwa siku.

Punguza kasi hadi sentimita 20 kwa sekunde. Matumizi hayashuki kwa theluthi moja, kama mtu angetarajia. Yanashuka hadi wati 218, yaani kilowati-saa 5.2 kwa siku. Sababu ni kwamba kimo kinachopotea hukua kwa mraba wa kasi, na wakati huohuo kiasi cha maji kinachoinuliwa kila sekunde hukua pamoja na kasi. Ukizidisha hivyo viwili unapata mchemraba: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane. Ikiongezeka mara tatu, ni mara ishirini na saba. Hakuna kifaa cha kununua kitakachokupa nafuu kama hiyo ya kupunguza sentimita 10.

Je, seli zinapoteza nini kwa kupunguza huko? Kidogo kuliko watu wanavyohofia. Mtiririko wa maji kwenye mfereji huanza kuvurugika kwa hakika pale namba ya Reynolds, kipimo cha kujua kama maji yanatiririka kwa utulivu au yanavurugika, inapovuka elfu chache. Katika mfereji wetu, hata kwa sentimita 20 kwa sekunde, namba hiyo imezidi 200,000. Maji yanavurugika, hilo halina shaka. Muda wa seli kusafiri kutoka sakafuni hadi juu ni wa dakika kadhaa, na muda huo hupungua sambamba na kasi: kasi mara mbili, muda nusu. Kwa hiyo unalipa umeme mara nane ili kupata mgeuko mara mbili. Ndiyo maana napinga kabisa ushauri wa kuongeza mwendo ili mwani upate mwanga zaidi.

Ushauri huo una chanzo kinachoheshimika, na ni vizuri kukieleza. Maabara zimeonyesha tangu miaka ya 1950 kwamba seli zikipewa mwanga mkali kwa kumweka, mwanga na giza zikipokezana haraka sana, zinautumia mwanga vizuri kuliko zikimulikwa mfululizo. Lakini kupokezana huko kunatakiwa kuwe kwa sehemu ya sekunde. Mfereji unaogeuza seli kwa dakika kadhaa hauwezi kufika hapo kwa kuongezewa kasi mara mbili wala mara tatu. Utaunguza mota kabla.

Kama kugeuza ndiko kunakotakiwa, basi geuza moja kwa moja. Mwaka 1983, Edward Laws na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walichapisha jaribio la namna hiyo: waliweka ndani ya mfereji safu za vibao vyenye umbo la bawa la ndege, vilivyoinamishwa ili maji yakipita yajizungushe kwa mhimili wa mfereji, yakipanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Mwani ulitumia mwanga vizuri zaidi. Tangu hapo yamejaribiwa maumbo mengi: vizingiti vya sakafuni, vibao vya pembeni, mapezi. Vyote vina bei, maana kila kinachozuia maji kinaongeza ngazi ambayo gurudumu linapaswa kuitunza. Vinafaa pale tu vinapokuruhusu ushushe kasi ya jumla. Anayeviweka na kuacha mota ileile katika mwendo uleule amejiongezea gharama mbili, ya vibao na ya umeme.

Turudi kwenye kona, kwa sababu hapo ndipo penye nafuu ambayo wajenzi wengi wanaipita. Katika mfano wetu kona mbili zinakula zaidi ya mita zote 200 za mzunguko. Bwawa likiwa dogo, lenye mzunguko wa mita 40 tuseme, kona ndizo zinazokula karibu kila kitu. Maji yakifika kwenye kona yanataka kuendelea mbele. Yanajibana kwenye ukuta wa nje, na upande wa ndani, nyuma tu ya ncha ya ukuta wa katikati, panabaki pengo ambalo maji hujizungusha hapohapo bila kwenda popote. Sehemu hiyo inajulikana kwa sura yake. Povu linakusanyika juu, takataka zinazunguka, na chini pametanda tope la kijani linaloteleza, ambalo baada ya siku kadhaa linageuka rangi na kuanza kunuka. Mwenye bwawa akiliona tope hilo anaongeza kasi. Kasi inalisogeza tope kidogo tu, na bili inapaa.

Dawa yake ni umbo. Kuta nyembamba zilizopinda kufuata kona, mbili au tatu, zinagawa maji katika vichochoro na kuyalazimisha yageuke yote kwa pamoja badala ya kukimbilia nje. Ncha ya ukuta wa katikati ikinenepeshwa kwa umbo la tone, lile pengo linajazwa na kitu kigumu na maji yanakosa pa kujizungusha. Ukifanikiwa kupunguza nusu ya upotevu wa kona katika mfereji wetu wa mfano, umeokoa zaidi ya robo ya nguvu yote bila kugusa kasi. Na faida kubwa zaidi inafuata baadaye: kwa kuwa pale palipokuwa pabaya pamepona, sasa unaweza kushusha kasi ya bwawa zima. Kasi ya bwawa karibu siku zote hupangwa na sehemu yake mbaya kuliko zote. Kinadharia sentimita 10 kwa sekunde zingetosha kuzuia seli zisizame kwenye mfereji ulionyooka na laini. Mabwawa hukimbizwa kwa 20 au 30 kwa sababu ya kona mbaya, sakafu yenye mabonde, na mabonge yanayoshikana.

Sakafu nayo ina neno. Plastiki laini ina ukwaruzo mdogo kuliko saruji, na saruji mdogo kuliko udongo. Katika mpango wa utafiti wa serikali ya Marekani ulioendeshwa kuanzia 1978 hadi 1996, mabwawa mawili ya meta za mraba 1,000 yalijengwa Roswell, New Mexico. Moja lilitandikwa plastiki, jingine likaachwa na udongo. Udongo unaokoa fedha za ujenzi, na kwa mabwawa makubwa fedha hizo si haba. Lakini kwa hesabu ya Manning, sakafu ya udongo ingegeuza ile sentimita 1.5 ya msuguano kuwa zaidi ya 4, kila siku, kwa miaka yote ya bwawa. Tena udongo hunyanyuka na kuyatia maji tope, ukazuia ule mwanga uliokuwa unaugombania.

Kina hakina uzito mkubwa kwenye umeme kama watu wanavyofikiri. Maji yakipungua kina, unasukuma maji machache lakini msuguano unaongezeka, na mambo hayo mawili karibu yanafutana. Kinachokuzuia kwenda chini ya sentimita 15 hivi ni ile ngazi: ukipoteza sentimita 4 za kimo katika maji ya sentimita 10, mwisho wa mzunguko una kina cha theluthi mbili tu ya mwanzo wake, na sakafu isipokuwa sawasawa kabisa sehemu nyingine zitakauka.

Kuhusu kifaa cha kusukuma, jambo la kushika ni hilo la lita 450 na sentimita 3.3. Kazi hii inataka maji mengi mno kwa kimo kidogo mno. Pampu ya kawaida, ile inayopandisha maji kwenye tangi la juu, imetengenezwa kwa kazi ya kinyume: maji machache, kimo kikubwa. Ukiiweka hapa itakula umeme bila sababu, na kwa mwendo wake mkali itakata nyuzi za Spirulina. Pangaboi pana linalozunguka polepole ndani ya maji linafaa zaidi. Kuinua maji kwa mapovu ya hewa kunafaa pale unapotaka gesi zibadilishane kwa wakati huohuo. Gurudumu la makasia limebaki kwa sababu linaendana na kazi, lakini wengi hulifunga vibaya. Ukiacha mwanya mkubwa kati ya ncha za makasia na sakafu, maji yaliyoinuliwa yanarudi nyuma kupitia hapo. Sakafu iliyochongwa mviringo chini ya gurudumu, ikifuata njia ya makasia kwa mwanya mdogo, inazuia hilo. Makasia manane husukuma kwa utulivu kuliko manne, ambayo hupiga maji kwa mishtuko. Na makasia yanayorusha maji hewani yanakuambia kwamba gurudumu linazunguka haraka kuliko bwawa linavyohitaji.

Kwa nini kujali wati mia chache? Mwani mkavu hubeba nishati ya karibu kilowati-saa 6 kwa kilo. Bwawa letu likizaa gramu 20 kwa kila meta ya mraba kwa siku, ambayo ni mavuno mazuri, linatoa kilo 20, yaani kilowati-saa 120. Kukoroga kwa sentimita 30 kwa sekunde kunameza asilimia 15 ya hizo. Mavuno yakishuka nusu, kunameza karibu asilimia 30, kabla hujavuna, hujakausha, hujapeleka hewa ukaa bwawani. Kwa sentimita 20, ile asilimia 15 inakuwa kama 4. Kwa anayeuza mwani kama chakula cha bei kubwa, tofauti hiyo ni faida tu. Kwa anayetaka kutengeneza mafuta au mbolea, ndiyo inayoamua kama kazi ina maana au haina.

Ipo pia njia ya kugeuza hesabu nzima. Huko Třeboň, Ucheki, watafiti walikuza mtindo wa maji membamba, chini ya sentimita moja, yanayoteremka kwenye mteremko laini kisha kupandishwa tena na pampu. Kwa kila meta ya mraba, kupandisha huko kunakula umeme mwingi kuliko gurudumu. Lakini mwani unakuwa mzito mara nyingi zaidi, hivyo kila kilo inavunwa kutoka kwenye maji machache, na gharama ya kuchuja inashuka sana. Upande wa pili kabisa uko Hutt Lagoon, Australia Magharibi, ambako Dunaliella hukuzwa kwenye madimbwi makubwa ya chumvi yasiyo na gurudumu lolote. Upepo na jua ndivyo vinavyokoroga. Mavuno kwa eneo ni madogo, ila ardhi ni tele, chumvi nyingi inawazuia wavamizi, na umeme wa kukoroga haupo.

Usiku ndio muda unaosahaulika. Jua likizama hakuna mwanga wa kugawana wala oksijeni ya kuondoa. Kinachobaki ni kuzuia seli zisikae chini na kuhakikisha oksijeni haiishi. Mfereji wetu ukishushwa hadi sentimita 10 kwa sekunde kwa saa 12 za usiku, kwa hesabu ya mchemraba unahitaji wati 27. Kwa uhalisia zitakuwa zaidi, maana mota na giaboksi hupoteza sehemu kubwa zaidi zinapofanya kazi ndogo. Hata zikiwa mara mbili, bado ni sehemu ndogo sana ya matumizi ya mchana. Wapo wanaozima kabisa. Kwa mwani unaoelea na usioshikana inawezekana, ila kwa unaozama napendelea mwendo mdogo usiokoma, au kuwasha kwa vipindi, na kurudisha kasi ya mchana kabla mwanga haujawa mkali. Kidhibiti mwendo cha mota chenye saa kinatosha kufanya hivyo bila mtu kusimama hapo.

Ili kujua ulipo leo, huhitaji maabara. Weka kitu kinachoelea kidogo, nusu yake ikiwa ndani ya maji, upime sekunde zake kwa mita 10 katikati ya njia, kisha karibu na kuta zote mbili, kisha pale nyuma ya kona. Pima kwa rula tofauti ya maji mbele na nyuma ya gurudumu. Soma wati kwenye mota. Zidisha lita zinazopita kila sekunde kwa kimo hicho cha mita na kwa 9.8, utapata wati zinazofika kwenye maji. Zigawe kwa wati za mota, na utajua sehemu inayofika. Ikiwa ni chini ya moja ya tano, kagua mwanya wa chini ya makasia kabla ya kitu kingine. Ikiwa sehemu hiyo ni nzuri lakini nyuma ya kona kipimo chako kinajizungusha bila kuondoka, iache mota kama ilivyo, uitengeneze kona.